MAGONJWA YA ZINAA NA DAFTARI LA CHAMA

Hotuba ya mkaguzi wa vyama kwa makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi, Bukoba



Nimepewa nafasi hii baada ya taarifa ya ukaguzi, wakati ambapo wengi wenu mnatazama saa na kufikiria gari la kurudi nyumbani. Sitayarudia mambo ya vocha zisizo na sahihi. Hayo mmeyasikia, na barua zake mtazipata. Nataka kusema juu ya kifungu kimoja tu katika makisio ya mwaka ujao. Katika rasimu ya kwanza palikuwa na fedha kidogo chini ya mfuko wa elimu, za kuwalipia nauli waganga na wauguzi wa zahanati ili wafike katika vituo vyetu vya kununulia kahawa na kuzungumza na wanachama, hasa akina mama, juu ya magonjwa ya zinaa. Katika rasimu ya pili kifungu hicho kimefutwa. Nilipouliza sababu, nilijibiwa kwamba baadhi ya wajumbe walisema fedha za kahawa zisitumike kuwafundisha wake zetu umalaya.

Maneno hayo ni mazito, na waliosema hivyo si wapumbavu. Ni wazee wenye mabinti, wanaogopa kwamba jambo likishatajwa hadharani hupoteza aibu yake, na kwamba aibu ikiondoka nidhamu nayo huondoka. Yafaa wajibiwe kwa hoja. Mimi si daktari. Ni mkaguzi wa hesabu na ni mama wa watoto, na katika mambo haya nimejifunza kwa kusoma, kwa kuuliza waganga, na kwa kutazama daftari zenu mwaka baada ya mwaka.

Tuanze na yaliyotokea hapa hapa kwetu. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu wa Kagera. Siku zile ugonjwa haukuwa na jina la kitabibu midomoni mwa watu. Uliitwa Juliana, kwa jina la vazi lililokuwa likiingizwa na wafanya magendo kutoka ng'ambo ya mpaka. Tazameni jinsi jina lenyewe lilivyo jina la mwanamke. Ugonjwa uliosafiri katika malori, katika masoko ya magendo na pamoja na wanaume wenye fedha mfukoni ukapewa jina la kike, na tangu siku hizo anayeulizwa kwanza "umeutoa wapi?" ni mwanamke.

Ushirika nao haukuwapo kusema neno. Vyama vikuu vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, na ingawa sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, kazi ya kuvijenga upya ilikuwa bado changa wakati nyumba zilipoanza kufungwa milango moja baada ya nyingine. Sisemi kwamba Ushirika ungeuzuia ugonjwa ule. Nasema tu kwamba mara ile tulikuwa na udhuru.

Mwaka 1987 watafiti walipima damu za watu wazima katika mji wa Bukoba, wakakuta kwamba kati ya kila watu 100, watu 24 walikuwa na virusi. Walipopima tena mwaka 1993 walikuta 18. Mwaka 1996 wakakuta 13. Kumbukeni kwamba dawa za kufubaza virusi hazikuanza kutolewa kwa mpango wa taifa hadi mwaka 2004. Basi upungufu huo haukuletwa na dawa. Ni kweli kwamba vifo navyo hupunguza hesabu, na mtu wa hesabu hawezi kulificha hilo. Lakini upungufu mkubwa ulionekana kwa wanawake vijana, wenye umri wa miaka 15 hadi 24. Mtu huishi na virusi hivyo miaka mingi kabla ya kuugua, kwa hiyo kwa vijana kama hao kifo peke yake hakitoshi kueleza jambo hili. Wasichana waliokuja nyuma hawakuambukizwa kwa kiwango cha dada zao. Walikuwa wameona makaburi migombani, na walikuwa wameambiwa wazi, kanisani, msikitini, shuleni na hospitalini, ugonjwa unapitia wapi. Waliposikia wakabadili mwenendo. Wazee wangu, hiyo ndiyo hoja yangu ya kwanza: mabinti wa mkoa huu waliwahi kufundishwa jambo hili hadharani, na matokeo yake hayakuwa umalaya.

Sasa yule mjumbe atasema kwamba hayo yamekwisha, kwamba UKIMWI unajulikana na dawa zipo. Dawa zipo, tena anayezitumia ipasavyo hadi virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa. Hilo ni jambo kubwa ambalo wanachama wengi bado hawajaambiwa. Lakini uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, wanawake wenye virusi walikuwa asilimia 5.6 na wanaume asilimia 3.0. Karibu mara mbili. Tena UKIMWI si ugonjwa wa zinaa pekee. Nao umeyafunika mengine, hata mtu akipimwa damu akaambiwa hana virusi, huondoka akishukuru na kuamini kwamba ni mzima kabisa.

Hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa nitataja mambo kwa majina yake.

Mwanamume akipata kisonono, aghalabu atajua ndani ya siku chache: mkojo unamchoma na usaha unatoka. Atatafuta dawa hata kwa kukopa. Mwanamke aweza kuupata ugonjwa huo huo usiku ule ule na asione kitu. Hana maumivu, hana usaha, anaendelea kuchuma kahawa na kubeba ndizi. Ugonjwa uitwao klamidia ni mjanja zaidi. Wanawake wengi walio nao hawana dalili yoyote. Wakati huo vijidudu hupanda taratibu hadi katika mji wa mimba na katika mirija ya uzazi, na kuiachia makovu. Baada ya miaka kadhaa mama huyo anaitwa tasa. Au anapata mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, akatokwa na damu ndani ya tumbo, na gari la kumpeleka hospitali likakosekana. Watu wakisema amerogwa, hakuna anayekumbuka homa ndogo ya tumbo aliyoipuuza miaka saba iliyopita.

Kaswende huanza kwa kidonda kisichouma. Kwa mwanamume huonekana. Kwa mwanamke huweza kujificha ndani asikijue kamwe. Baada ya wiki chache kidonda hupona chenyewe, na hapo ndipo penye hila yake, kwa kuwa kidonda kimepona lakini ugonjwa umebaki katika damu. Mama akiwa mjamzito, humfikia mtoto tumboni. Mimba zinazoharibika, watoto wanaozaliwa wafu, watoto wanaozaliwa na ugonjwa: haya yote hutokea, na yote yangezuiwa kwa kipimo cha damu kliniki na sindano ya penisilini, dawa ya zamani ambayo kaswende bado haijaishinda. Kisonono ni kinyume chake. Kimekwisha kuzizoea dawa nyingi, penisilini ikiwamo, na kila anayenunua vidonge vinne dukani akameza viwili na kumpa rafiki viwili anakifundisha kuishinda dawa nyingine.

Tena kuna virusi vya papiloma vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi, saratani inayowaua wanawake wengi wa nchi yetu. Chanjo yake ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikapanuliwa ili kuwafikia kuanzia miaka 9. Baadhi ya wazazi waliwaficha mabinti siku ya chanjo kwa uvumi kwamba inaondoa uzazi. Hakika haiondoi uzazi. Na kwa akina mama waliokwisha kuzaa, kipo kipimo chepesi ambapo mhudumu hupaka siki katika shingo ya kizazi na kutazama kama pana alama nyeupe. Kinachukua dakika chache tu, na mabadiliko yakigunduliwa mapema hutibika kabla hayajawa saratani.

Lakini nisipande hofu pasipo na sababu. Si kila uchafu utokao ukeni ni ugonjwa wa zinaa. Fangasi hutokea kwa mama mwaminifu kabisa wa mume mwaminifu kabisa, hasa akiwa mjamzito, au ana kisukari, au ametumia dawa za viuavijasumu. Kujiosha ndani kwa sabuni na majani, ambako akina mama wengi hukufanya kwa nia ya usafi, huharibu ulinzi wa asili na kuleta uchafu wenye harufu. Nimesikia ndoa zilizovunjika kwa sababu ya fangasi, ugonjwa unaotibiwa kwa dawa ya bei ndogo! Mume aliona, akahukumu, akamrudisha mke kwao kabla ya mtu yeyote kupima chochote. Elimu ninayoiombea nauli ingeliziokoa nyumba hizo, na wala isingemfundisha mtu umalaya.

Sasa nije katika mambo yanayotuhusu kama Ushirika, maana mtu aweza kusema haya yote ni kazi ya Wizara ya Afya.

Sikuja hapa kudai kwamba wanawake wetu wote ni watakatifu. Wapo wenye fedha zao wanaochagua marafiki kwa hiari yao, kama wanaume wafanyavyo, nao wanahitaji kujua habari za kondomu na za vipimo kama mtu mwingine yeyote. Lakini mwenendo wa wanawake wengi ninaowaona huufuata mfuko, na mfuko huo unapita mezani petu. Mwanahistoria wa Kimarekani, Luise White, katika kitabu alichokitoa mwaka 1990, aliandika habari za wanawake kutoka Bukoba waliokwenda Nairobi katika miaka ya 1930 kuuza miili yao, na jinsi fedha zao zilivyorudi nyumbani. Watu wa hapa wanaijua habari hiyo bila kuisoma. Wengine wanajua hata ni kibanja kipi kilichonunuliwa kwa fedha hizo. Wanawake wale walikwenda kutafuta kile ambacho mila haikuwapa, yaani ardhi. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua kwamba mila ya Kihaya iliyomkataza mwanamke kuuza shamba la ukoo aliloachiwa ilipingana na haki ya usawa iliyo katika Katiba. Mahakama imekwisha kusema, lakini migombani bado wanasitasita.

Fungueni daftari la wanachama la chama chochote hapa. Kahawa huchumwa na mama na watoto, huanikwa na mama, hugeuzwa na mama mvua ikitishia. Inapofika mizani, namba inayoandikwa ni ya baba, na malipo ya kwanza na ya pili hupokelewa na baba. Mbaya zaidi ni butura. Mume anaiuza kahawa ikiwa ua mtini, kwa mchuuzi, kwa bei ya kutupa, na pengine mke hajui mpaka siku mchuuzi anapokuja na magunia yake. Mnaijua butura kama adui wa chama, kwa kuwa inatunyang'anya kilo. Mimi naitazama pia kama mlango wa maradhi. Katika miezi ile kabla ya msimu, chumvi imekwisha, mafuta ya taa yamekwisha, mtoto amerudishwa shuleni kwa kukosa daftari, na fedha ya butura imekwisha kunywewa. Hapo mama hupewa mkopo na mwenye duka, au na dereva, au na mchuuzi yule yule. Mkopo huo hauna fomu wala mdhamini, na riba yake hulipwa mwilini. Mkaguzi hawezi kuuona. Wala mama aliyekopa hivyo hana nguvu ya kumwambia mkopeshaji avae kondomu.

Nitasimulia jambo moja, kwa idhini ya mwenyewe, bila kumtaja yeye wala chama chake. Mama mmoja, mwanachama kwa namba yake mwenyewe, alichukua mkopo mdogo wa dharura mara tatu katika muda wa miezi kumi na minne, na kila mara sababu iliyoandikwa ni "matibabu". Alipoomba mara ya nne kamati ilitaka kumnyima, ikidhani anafanya biashara kwa siri. Katibu wa chama kile ni mtu wa busara. Hakumuuliza anaumwa nini. Alimuuliza swali moja tu: "Mama, huko zahanati mlikwenda wawili?" Hawakuwa wamekwenda wawili. Mara zote tatu alitibiwa peke yake, akapona, akarudi nyumbani, akaambukizwa tena na mume ambaye alikuwa akinunua vidonge dukani kwa kificho, nusu dozi. Katibu alimwita yule bwana kando, kwa heshima, kama mwanamume na mwanamume. Walikwenda pamoja juma lililofuata. Mkopo wa nne haukuhitajika, na mitatu ya kwanza imelipwa yote. Nimeiona stakabadhi ya mwisho.

Ndugu makatibu, katika kazi ya magonjwa haya hakuna dawa inayofanya kazi kwa nusu ya ndoa.

Na msidhani kwamba jambo hili ni dogo kwa sababu ni la vijiji. Ng'ambo ya ziwa, mkoani Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994, ulifanyika uchunguzi ambao dunia nzima imeusoma. Zilichukuliwa jumuiya 12 za vijijini. Katika sita kati yake, vituo vya afya na zahanati viliimarishwa: wahudumu walifundishwa kutambua na kutibu magonjwa ya zinaa ya kawaida, dawa zilihakikishwa zipo, na wananchi waliambiwa waende mapema. Katika sita nyingine mambo yaliachwa kama yalivyokuwa kwa wakati huo. Baada ya miaka miwili, maambukizo mapya ya VVU katika zile sita za kwanza yalikuwa pungufu kwa kiasi cha asilimia 40. Sababu yake inafahamika: kidonda na uvimbe hufungua njia ya virusi, na anayevitibu huifunga njia hiyo. Haki yataka niseme pia kwamba katika wilaya ya Rakai, Uganda, inayopakana nasi, walijaribu njia nyingine, wakagawa dawa nyumba kwa nyumba kwa watu wote kila baada ya miezi kumi, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1999 yalionyesha kwamba VVU haikupungua. Wataalamu wamebishana sana juu ya tofauti hiyo. Mimi, kwa akili yangu ya mkaguzi, naona kwamba kumfikia mtu mara moja kila miezi kumi si sawa na kuwa na zahanati ambayo mama anaijua, haioni haya, na aweza kuiendea siku anapoona dalili.

Nimeulizwa na mjumbe mmoja wakati wa chai, kwa nini kituo cha kahawa na si kliniki ya wajawazito? Ni swali zuri. Kliniki humwona mjamzito. Haimwoni mama aliyekwisha kuzaa, wala mjane, wala binti aliyeacha shule, na kwa nadra sana humwona mume. Siku ya mizani wote wapo. Wanangoja zamu saa mbili au tatu wakiwa wamekaa juu ya magunia. Nusu saa ya mganga haitachelewesha kilo moja. Nashauri akina mama wazungumze na muuguzi mwanamke upande mmoja na wanaume na mganga upande mwingine, maana maswali ya kweli hayaulizwi mbele ya baba mkwe. Upimaji wenyewe usifanyike kituoni. Mtu apewe tu siku na mahali, aende kwa faragha yake. Na karani yeyote atakayeandika jina la mgonjwa katika karatasi ya chama, kwa sababu yoyote ile, nitamwandikia katika taarifa yangu kama ninavyomwandikia aliyepoteza fedha. Siri ya mtu juu ya afya yake inalindwa na sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, na hata isingelindwa, sisi ni majirani.

Kuhusu fedha, nauli ya mganga na muuguzi kwa kituo kimoja kwa siku moja ni ndogo kuliko posho ya kikao kimoja cha kamati. Nimelinganisha, na hesabu hiyo iko katika jedwali mlilogawiwa asubuhi, ukurasa wa mwisho. Kanuni za Ushirika zilizopitishwa Manchester mwaka 1995 zinataja elimu kwa wanachama na kujali jamii, na kanuni ya kwanza inakataza kubagua kwa jinsia. Kwa hiyo hakuna mkaguzi atakayehoji matumizi haya kama stakabadhi zipo. Jambo la kuwaandikisha akina mama kwa namba zao wenyewe halihitaji fedha kabisa. Linahitaji fomu, hisa, na mume asiyeona kwamba ameibiwa. Katika vyama viwili ninavyovikagua, wanandoa wamekubaliana kugawana miti, kila mmoja akapeleka kahawa kwa namba yake, na katika vyote viwili kilo zimeongezeka, kwa kuwa mama hauzi butura kahawa iliyo yake.

Makisio yatapelekwa kwa Mrajis mwishoni mwa mwezi. Ombi langu kwa Mwenyekiti ni kwamba kifungu kilichofutwa kirudishwe mezani leo, kijadiliwe na mkutano mzima, na akina mama wajumbe, ambao nawahesabu hapa kuwa tisa kati ya watu themanini na wanne, wapewe nafasi ya kusema kwanza.